Maswali ya Wasomaji: Baiskeli ya Resi au ya Traiathloni?

Shikamoo mwalimu. Nimeogelea mwaka mzima, sasa nataka kuingia traiathloni, yaani kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia mfululizo. Ninunue baiskeli ya resi au ya traiathloni yenyewe? Fedha zangu zinatosha moja tu. (Morogoro)

Marahaba. Nunua ya resi.

Ya traiathloni imeundwa kwa kazi moja: kwenda peke yako ukiwa umelalia vile vyuma viwili vya mbele, viwiko vimeegemea. Bomba la kiti limesimama zaidi, nyuzi 76 hadi 80 hivi, wakati ya resi ni 72 hadi 74. Nyonga zinasogea mbele, tumbo halijikunji, upepo unakukosa. Lakini tazama breki zilipo. Gia ziko nchani mwa vile vyuma. Breki ziko pembeni kwenye usukani, mbali na vidole. Mwaka juzi nilikuwa nimelala hivyo barabara ya Bagamoyo, alfajiri, bodaboda ikachomoka uchochoroni. Mikono ilipofika kwenye breki nilikuwa nimeshachelewa, na ngozi ya goti la kulia ilibaki kwenye lami. Barabara zetu zina matuta yasiyopakwa rangi na daladala zinazosimama bila ishara. Anayejifunzia humo anahitaji breki mkononi.

Ipi ina kasi zaidi? (Nairobi)

Swali hili linaletwa kila mara, na kila mara halitaji umbali wala njia. Tambarare na peke yako, ya traiathloni. Mlimani, kwenye kona na kwenye kundi, ya resi.

Mbona wanatraiathloni wa Olimpiki wanapanda za resi? (Mombasa)

Kwa sababu kule unaruhusiwa kukaa nyuma ya gurudumu la mwenzako akukatie upepo. Tangu mchezo huu uingie Olimpiki, Sydney mwaka 2000, wanaendesha kilomita 40 kwa makundi, na ndani ya kundi kila mtu lazima awe karibu na breki zake. Mashindano ya Ironman, traiathloni ndefu yenye kilomita 180 za baiskeli, ni kinyume: ukimganda aliye mbele yako unaadhibiwa. Basi soma kanuni za mashindano yako kabla hujatoa hata shilingi. Wengi wananunua kwanza, halafu wanakuja kuniuliza kama itakubaliwa.

Nina urefu wa futi 5 na inchi 5. Nimepata ya mtumba, fremu saizi 58, bei nzuri. Niichukue? (Tanga)

Usiichukue, ni kubwa mno kwako. Hakuna fundi atakayeifupisha.

Naweza kufunga vyuma vya kulalia kwenye baiskeli yangu ya resi? (Arusha)

Unaweza, na kwa wengi wenu hiyo ndiyo njia ya busara. Mwaka 1989, siku ya mwisho ya Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, Mmarekani Greg LeMond alikuwa nyuma ya Laurent Fignon kwa sekunde 50. Akalalia vyuma vya namna hiyo kilomita 24.5 kutoka Versailles hadi Paris, akatwaa ubingwa kwa sekunde 8. Mwambie fundi akusogezee kiti mbele kidogo, la sivyo mapaja yatakugonga mbavu na utashuka kwenda kukimbia ukiwa na mgongo uliokakamaa. Na mkiwa kwenye mazoezi ya kundi, usivilalie hata kwa dakika moja. Ukianguka wewe, wanaanguka na walio nyuma yako.

Rafiki ananiuzia yake ya traiathloni, fremu ya kaboni. Nataka kushindana Rubavu, Rwanda. (Bukoba)

Rwanda ni nchi ya vilima, na kwenye mpando mrefu utakuwa umekaa wima, kwa hiyo faida uliyoinunua utaitumia kwa vipande tu. Ukiitaka hata hivyo, ipande saa nzima kabla ya kulipa, si kuzunguka uwanja. Kisha ioshe, uikague juani, hasa pale pedeli zinapoungana na fremu na chini ya usukani. Gonga bomba taratibu kwa sarafu, sentimita kwa sentimita. Mlio ukiwa mkavu na wa aina moja, endelea. Ukifika mahali mlio unafifia ghafla, kaboni imeachana ndani. Mrudishie rafiki yako baiskeli yake, na umwambie naye asiipande.