Kujifunza kuogelea ukubwani, kwa sisi tuliokulia kando ya ziwa

Mtu wa Mwanza akisema hajui kuogelea, wageni humshangaa. Wanadhani kila aliyekulia kando ya Ziwa Victoria alizaliwa akipiga mbizi. Wangejua! Kuanzia Mabatini hadi Igoma wamejaa watu wazima ambao maji yakiwafika magotini wanaanza kumtaja Mungu. Hata pale mwaloni Kirumba nimeongea na wavuvi wanaokesha ziwani wakivua dagaa kwa taa, na ukiwauliza mtumbwi ukipinduka watafanyaje, wanacheka kisha wanakuuliza kama unanunua au hununui.

Woga wetu una historia. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama, mimi nilikuwa shule ya msingi. Waliokufa ni mamia kwa mamia, na wengi wao wamelazwa makaburini Igoma. Tangu hapo nyumbani kwetu ziwa likawa kitu cha kutazamwa kwa mbali, na mtoto akirudi na nguo mbichi alichapwa kabla hajaulizwa alikotoka. Halafu tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka ikiwa imekaribia kabisa gati la Bwisya kule Ukara, na zaidi ya watu 200 wakafa huku nchi kavu wanaiona. Mimi nauza vitenge, na kuvuka kwenda Nansio ni sehemu ya riziki yangu. Baada ya ile habari nilikuwa nikipanda meli nashika mkoba kwa mikono miwili kama vile mkoba ndio utaniokoa. Nikaona basi, nijifunze, ingawa nilikuwa tayari mama wa watoto wawili.

Niseme wazi mapema: kuogelea si kinga ya kila ajali. Chombo kikipinduka nawe umebanwa ndani na watu na mizigo, ufundi wako wa mikono hautafika mbali. Ila ajali nyingi za maji hazina meli ndani yake. Ni mtu kateleza kwenye mawe akichota maji, mtoto kafuata mpira, kijana kaingia kuoga mahali ambapo hatua moja ni mchanga na inayofuata haina chini. Hapo dakika mbili za kuweza kuelea zina maana kubwa.

Usianzie ziwani. Najua bwawa la hoteli lina kiingilio na ziwa ni la bure, lakini mtu mwenye hofu anahitaji kuona vidole vyake vya miguu. Ziwani maji yana ukijani, huoni unakanyaga nini, na wimbi dogo tu likikupiga usoni umeshamaliza somo la siku hiyo. Halafu kuna kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wanaokaa kwenye maji ya kina kifupi yaliyotulia, hasa penye majani na magugu maji, na hupenya kwenye ngozi bila wewe kuhisi chochote. Hutoka kwa wingi zaidi mchana jua likiwa kali, saa zilezile ambazo watu hupenda kuoga. Kama umeshaoga sana ziwani, nenda kituo cha afya ukapime choo. Dawa yake ipo na ni ya vidonge. Bwawani nenda siku za kazi asubuhi. Jumamosi na Jumapili ni kelele, watoto wanarukia kila upande, na utajiona kituko.

Mwalimu ndiye kila kitu. Mkimbie yeyote anayefundisha akiwa amesimama nje ya maji na simu mkononi, na mkimbie mara mbili yule anayeamini kwamba mtu mzima hujifunza kwa kusukumwa. Shemeji mmoja alinishauri hivyo kwa nia njema kabisa: "Wakutupe tu, utajua." Anayetupwa hujifunza jambo moja, kuogopa zaidi.

Wangu alikuwa kijana mdogo tu, mwenye adabu. Siku ya kwanza alinisalimia, "Shikamoo mama," akaingia majini, akasema, "Leo hatuogelei. Leo tunapumua." Nikashika ukingo wa bwawa kwa nguvu mpaka kucha zikapauka. Akaniambia niweke mdomo tu kwenye maji na nipulize. Mapovu. Kisha mdomo na pua. Kisha uso mzima, macho yamefumbwa, huku napuliza taratibu, nainua kichwa, navuta hewa kwa mdomo, narudi. Saa nzima ikaishia hapo, na moyoni nikawa nalalamika kwamba hela yangu inaliwa.

Kumbe hapo ndipo penye kiini. Mwoga wa maji akizamisha uso, hubana pumzi kifuani. Hewa chafu inajaa, mwili unapiga kelele ukitaka kuitoa, naye anatafsiri ile hali kuwa anakufa. Anakurupuka, anajaribu kutoa na kuvuta hewa kwa mkupuo mmoja, maji yanaingia. Ukizoea kuitoa pumzi ukiwa ndani ya maji, ukitoa kichwa kazi yako ni moja tu, kuvuta. Zoezi hili halihitaji bwawa. Mimi nilikuwa nafanya nyumbani kwenye beseni usiku, wanangu wakinicheka na kuniuliza kama namtafuta samaki. Waache wacheke. Ukiweza kupuliza taratibu ukihesabu moja hadi kumi bila kukimbilia taulo, nusu ya woga imeondoka.

Cha pili ambacho wengi hawafundishwi ni kusimama. Unaweza kucheka, lakini mtu anaweza kuzama kwenye maji yanayomfika kiunoni kwa sababu amelala majini na hajui miguu inarudije chini. Ukiwa umelala kifudifudi, vuta magoti kifuani, sukuma maji kuelekea chini kwa viganja, inua kichwa, ndipo ushushe miguu. Rudia mpaka uchoke. Mtu anayejua kwamba anaweza kusimama wakati wowote anaotaka hana sababu ya kutapatapa.

Baada ya hapo kuelea chali. Masikio lazima yaingie majini, na hilo ndilo linalotisha, maana dunia inanyamaza ghafla. Tazama juu, inua kifua, jaza mapafu. Ukiinua kichwa kuangalia miguu iko wapi, makalio yanashuka na mwili wote unafuata. Ndugu zetu waliowahi kuelea baharini Dar au Unguja wasishangae wakiona huku ni vigumu zaidi; maji ya chumvi humbeba mtu kuliko maji baridi ya ziwa letu. Wanaume wembamba wenye misuli nao huteseka, miguu yao inazama kama vyuma. Sisi wenye nyama kidogo tulifaulu mapema, na sikuona haya kulisema hilo kwa sauti.

Mitindo ya mikono na miguu ni mambo ya mwalimu wako, sitaandika hapa. Kumbuka tu kwamba mguu hupigwa kuanzia nyongani, si gotini.

Kina mama wengi wananiuliza kuhusu nguo. Taiti ndefu na blauzi ya mikono mirefu ya kitambaa cha kuogelea vinakubalika sehemu nyingi, ila uliza kabla ya kulipa. Khanga, dera na fulana nzito za pamba acha. Zikilowa zinakuvuta chini. Nywele zilizosukwa vaa kofia ya mpira, na ujue kwamba hata hivyo zitalowa.

Ziwani nenda ukishaweza kuelea bila kushikwa. Chagua ufuko wa mchanga usio na majani, kama baadhi ya sehemu za Luchelele au Igombe, na waulize wenyeji kwanza kuhusu mamba na mahali kina kinapokatika. Ogelea sambamba na ufuko, usielekee kilindini. Ukiona mawimbi yanaanza kuvunjika meupe, toka.

Jambo moja lisilosubiri ujue kuogelea: anayezama mara nyingi hapigi kelele. Mdomo uko usawa wa maji, mikono inakandamiza pembeni, macho yameganda, na walio ufukweni wanadhani anacheza. Usimrukie. Hata muogeleaji mzuri hukamatwa shingoni wakazama wote wawili. Mtupie dumu tupu la lita 20 lililofungwa mfuniko, likiwa na kamba kama ipo, au mnyooshee kasia au mti mrefu huku wewe umelala chini ukingoni.

Na melini bado navaa jaketi okozi, hata kijana wa jirani akinitania, "Mama, si unajua kuogelea?" Ukipewa, kaza mikanda yote, kisha mwambie mwenzako alivute juu mabegani. Likipanda hadi masikioni halijakukaa. La mtoto liwe la mtoto, maana la mtu mzima litamchomoka. Na ukikuta mikanda imekatika, lirudishe uombe jingine kabla meli haijaondoka gatini.