Ukitaka Kuwa Mwongozaji wa Kilimanjaro, Anza na Mzigo

Vijana wengi wa Moshi, Marangu na Machame wanaotaka kuongoza wageni mlimani huanza kwa kuulizia cheti. Cheti ni lazima, maana bila leseni ya KINAPA, mamlaka ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, hupiti getini kama mwongozaji. Lakini kazi yenyewe ina ngazi zake: kwanza mzigo, halafu usaidizi, ndipo kikundi kiwe chako. Aliyeruka ngazi ya kwanza hujulikana siku ya shida, anapoamrisha watu kubeba kitu asichokijua uzito.

Kaa na wagumu, yaani wapagazi, kiangazi kizima, na safari chache za masika pia. Mzigo unaoruhusiwa ni kilo 20, nao hupimwa kwa mizani. Ubebe kutoka geti la Machame hadi kambi ya kwanza, zaidi ya mita 1,000 za kupanda, mvua ya msituni ikikunyeshea njia nzima. Hapo utaelewa kwa nini mpagazi aliyelowa siku ya kwanza, akakosa nguo kavu, ndiye anayetetemeka kambi ya Shira usiku kabla ya mgeni yeyote. Siku ukiwa kiongozi, kagua kila mmoja kabla ya kuondoka mjini: viatu vyenye soli nzima, koti la mvua, begi la kulalia, soksi kavu pea mbili. Aliyepungukiwa atafutiwe vifaa au abaki. Usimpandishe kwa kumwonea huruma ya posho.

Pita njia zaidi ya moja. Marangu ndiyo njia pekee yenye vibanda: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Zitazame namba hizo vizuri. Kila usiku unaongeza mita 1,000, ilhali madaktari wa milimani wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Ndiyo sababu usiku wa pili Horombo, pamoja na matembezi ya mchana hadi Mawe ya Pundamilia, si anasa: ni wa kuuzoesha mwili hewa nyepesi ya juu. Njia ya Machame inafanya kazi hiyo kwa kupitisha watu kwenye mwamba wa Lava Tower, karibu mita 4,600, kisha kuwalaza kambi ya Barranco, chini ya mita 4,000. Uwe na uwezo wa kumweleza mgeni haya kwa namba, hotelini, kabla hajafunga begi.

Sasa afya, na hapa ndipo pesa yako ya kwanza ya akiba iende. Kozi ya huduma ya kwanza ya porini ya saa 16 inatosha kwa msaidizi anayeanza. Anayetaka kuongoza afanye ile ndefu ya saa 70 hadi 80, yenye mazoezi ya kubeba mgonjwa gizani. Humo utajifunza kupima ugonjwa wa miinuko kwa alama: kichwa kuuma, tumbo na kichefuchefu, uchovu, kizunguzungu, kila kimoja kuanzia 0 hadi 3. Kichwa kikiuma na jumla ikafika 3, mgeni huyo hapandi zaidi mpaka dalili ziishe.

Usimuulize, "Uko sawa?" Atajibu sawa. Amelipa, amengoja mwaka, na kwao watu wanasubiri picha. Muulize umekojoa mara ngapi tangu asubuhi. Kichwa kikoje ukilinganisha na ulipokuwa chakula cha mchana? Kisha wewe mwenyewe angalia sahani yake, usingoje aliyehudumu akuambie. Andika yote kwenye daftari, jioni na asubuhi, na saa yake.

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinadanganya kwa urahisi. Kidole cha baridi au chenye rangi ya kucha hutoa namba ya uongo, kwa hiyo mpashe mikono moto kwanza, ngoja namba itulie, ndipo uandike. Hata hivyo, usiongozwe na namba peke yake. Pale Kibo mtu mwenye asilimia 80 anayekula na kutania yuko salama kuliko mwenye 88 anayeyumba.

Kuyumba kuna kipimo chake. Tafuta ardhi tambarare, mwondolee fimbo, mwambie atembee hatua kumi kwa mstari, kisigino kikigusa ncha ya kiatu cha nyuma. Mpime kila mgeni jioni kabla ya kilele ili ujue mwendo wake wa kawaida. Akishindwa usiku, chukulia kwamba ubongo umeanza kuvimba, na anashuka saa hiyo hiyo, si kukipambazuka. Vivyo hivyo anayehema akiwa amekaa tu, au kifua kinakoroma. Oksijeni ya chupa inakununulia muda wa kumshusha, haichukui nafasi ya kushuka.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni la hesabu ya watu. Wageni wanne, mwongozaji mmoja, msaidizi mmoja. Saa nane usiku, mgeni wa kwanza anaugua, msaidizi anashuka naye. Wa pili akiugua, unafanyaje? Huwezi kuwaacha wawili mlimani. Kwa usiku wa kilele, dai msaidizi mmoja kwa kila wageni wawili, na udai siku ya kupanga safari, siyo Kibo. Saa ya kugeuka, hata kama kilele hakijafikiwa, nayo itajwe jioni, mbele ya wote, wakiwa bado wana akili tulivu.

Maji: kila mtu lita 2 hadi 3 kwa usiku huo. Mrija wa maji huganda mapema, kwa hiyo tegemea chupa. Ijaze maji ya moto, ivalishe soksi nene, iweke kichwa chini, maana barafu huanzia juu na kizibo hakitakwama. Betri za taa zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Na msaidizi anayeshuka na mgonjwa asiondoke mikono mitupu. Mpe taa mbili, maji, koti la ziada, simu au redio yenye chaji, na karatasi uliyoichana daftarini: jina la mgeni, dalili ya kwanza na saa ilipoanza, vipimo vyote, dawa aliyomeza, kiasi gani, saa ngapi. Atakayempokea chini atauliza hayo kwanza, na usiku ule msaidizi atakuwa amechoka mno kuyakumbuka.