Utafutaji umeleta sifuri? Mkuu, usizirudishe hizo tepu kwenye draivu

Mkuu, weka hizo tepu za bekapu chini, mbali na draivu. Ikibidi mpe mlinzi azikalie mpaka umalize kusoma hapa.

Umeandika kwamba umetafuta faili za 2021 kwenye bekapu za zamani za Bacula (programu yenu ya bekapu), umepata matokeo sifuri, tepu zote 8 zimeandikwa "Purged", "kwa hiyo hazina kitu, kesho Jumamosi nazitumia upya". Halafu ukaongeza maswali ya kufungua hati moja bila kurejesha kila kitu, ya kuwapa watu wa uhasibu njia ya kujitafutia wenyewe, na kama mhamie kwenye wingu. La hati moja tutalifikia humu humu, hayo mengine mawili yasubiri tepu zipone kwanza. Ila hiyo "kwa hiyo hazina kitu" imenifanya niache pilau lipoe. Hilo neno nililisema mimi mwaka 2018, kwa sauti ile ile ya kujiamini.

Utafutaji hausomi tepu, mkuu. Unasoma katalogi, yaani hifadhidata iliyoko kwenye seva inayosema faili fulani ilichukuliwa siku fulani na iko kwenye tepu fulani. Katalogi ni daftari la mtunza ghala na tepu ndiyo ghala lenyewe. Daftari likichanika ukurasa, magunia hayatoki ghalani na kwenda zake. Yamo pale pale, ila daftari haliyajui.

Na kwenye Bacula kurasa zinachanwa kwa ratiba. Kama hukugusa mipangilio iliyokuja nayo, majina ya faili yanakaa kwenye katalogi siku 60, rekodi za kazi nzima za bekapu siku 180, na tepu inalindwa siku 365. Ina maana baada ya miezi 2 ukitafuta jina la faili huli­oni, ingawa faili iko kwenye tepu salama salimini. Baada ya miezi 6 hata kazi yenyewe huioni. Zikishaondoka kazi zote za tepu fulani, tepu inaitwa "Purged". Mimi na Kiingereza changu cha sekondari nikaelewa "imesafishwa". Kilichosafishwa ni daftari! Data haijaguswa mpaka siku mtu fulani mwerevu atakapoirudisha ile tepu kwenye draivu na programu ikaiandika upya.

Mwerevu huyo nilikuwa mimi. Ngoja nikupe mkasa mzima.

Nilikuwa mtu wa IT peke yangu kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi Kurasini. Mtu wa IT maana yake ndiye wa seva, ndiye wa printa, na ndiye wa kumwambia bosi kwa nini simu yake imejaa. Bekapu ilikuwa Bacula, programu huria ambayo jina lake limetokana na Dracula, na kaulimbiu yake inasema inakuja usiku na kunyonya uhai wa kompyuta zako. Mumiani wa kidijitali. Nilikuwa naichekea sana ile kaulimbiu, sikujua damu yenyewe itatoka wapi.

Juni 2018 tepu tupu zikaisha. Nikaomba hela ya tepu mpya, bosi akaniuliza zile zilizojaa kabatini ni za mapambo? Kabatini kulikuwa na tepu sita za LTO-5 (LTO ni aina ya tepu za bekapu, namba ni kizazi chake), kila moja TB 1.5, zimeandikwa kwa kalamu "MWISHO WA MWAKA 2015", mwandiko wa jamaa aliyekuwa kwenye kiti kabla yangu. Nikaingia kwenye ukurasa wa utafutaji, nikaandika "TANSAD", ile fomu ya forodha ya mizigo, nikapata sifuri. Nikaandika "ankara", sifuri. Nikaandika jina la mteja wetu mkubwa, sifuri. Nikaangalia hali ya tepu: "Purged", zote sita.

Niseme ukweli wangu, nilisita. Ule mwandiko wa kalamu ulinisumbua, kwa sababu mtu haandiki lebo kwa herufi kubwa juu ya kitu kitupu. Nikampigia mshauri aliyetufungia ule mfumo. Simtaji, ila namkumbuka vizuri: shati jeupe, kitambulisho kinaning'inia shingoni mpaka kwenye kitovu, anakunywa soda mbili za ofisi kwa kila nusu saa ya kazi. Akaniambia, nanukuu kwa uchungu: "Kijana, kama utafutaji hauoni, hakuna kitu. Tumia tu." Sekunde kumi na tano, akakata simu. Ndiye huyo huyo aliyeacha zile siku 60 na 180 na 365 kama zilivyo kwenye kampuni ambayo sheria ya usimamizi wa kodi ya 2015 inaitaka itunze kumbukumbu miaka 5. Miaka 5 na siku 60, wapi na wapi! Na ankara yake ya "kusanifu sera ya utunzaji wa data" ililipwa yote. Hiyo ankara nayo ilikuwa kwenye tepu, kwa taarifa yako.

Kuna kitu kingine ambacho huwa sikisimulii nikiwa na watu. Kwenye tepu za karibuni, zile ambazo rekodi za kazi zilikuwa bado zipo, nilishawahi kujaribu kurejesha faili kupitia konsoli, lile dirisha la kuiandikia Bacula amri. Programu ikaniambia waziwazi kwamba imeshindwa kuonyesha orodha ya faili, huenda muda wa kutunza umeziondoa, je nirejeshe zote? Ndiyo au hapana. Nikaandika hapana. Yaani programu ilinishika mkono ikanionyesha mlango, nikasema asante, sipendi kusumbua.

Basi Ijumaa nikapachika ya kwanza, Jumamosi ya pili, Jumapili usiku ya tatu. Jumatatu nikapongezwa kwa kubana matumizi. Ndiyo, nilipongezwa, mbele ya watu.

Wiki ya pili mama wa uhasibu akaja mezani kwangu, mpole kama kawaida yake: "Mwanangu, wakaguzi wa kodi wanataka nyaraka za mizigo ya 2015. Kompyuta yangu ya zamani si ilikufa? Nitolee kwenye bekapu." Nikasema sawa mama, dakika tano. Nikatafuta, sifuri. Nikatabasamu. Nikatafuta tena. Hapo ndipo ubongo ulipounganisha mwandiko wa kalamu, sifuri ya Juni na mama wa watu aliyesimama mbele yangu.

Sasa usikilize hapa vizuri, maana ndipo hela ilipoenda. Tepu ya tatu ilikuwa imeandikwa GB 60 tu kabla kazi haijaisha. Nikajipa moyo: GB 60 kati ya TB 1.5 ni nini? Nyingine zote si zimebaki? Tepu si diski, mkuu. Ukiandika mwanzoni mwa tepu, draivu inaweka alama mpya ya mwisho wa data pale ulipoishia, na draivu ya kawaida haisogei kusoma kilicho mbele ya alama hiyo. Data ipo, unaweza kuishika mkononi, unaweza hata kuibusu, ila huisomi. Nikaulizia mafundi wa nje wenye vifaa maalumu vya kuvuka ile alama. Nilipopeleka bei yao kwa bosi, hakukasirika. Alicheka, na kile kicheko sitakisahau. Hiyo tepu ninayo mpaka leo juu ya kabati nyumbani, mke wangu anadhani ni kumbukumbu ya harusi.

Miezi mitano, mkuu. Miezi mitano ya kupanda bodaboda kwenda kwa mawakala wa meli na kwa wateja kuomba nakala za nyaraka za miaka mitatu iliyopita. Wengine walitusaidia. Wengine walitaka kwanza tuwalipe madeni. Gharama ambazo hazikupata ushahidi zilikataliwa, ikaja kodi na riba juu yake. Kiasi sikitaji kwa sababu huenda bosi yumo humu.

Na zile tepu tatu ambazo sikuzigusa? Nilizisoma moja kwa moja. Zilikuwa zimejaa. Kila kitu kilikuwemo, folda kwa folda, "Purged" na kila kitu chake. Nilikaa chini sakafuni.

Kwa hiyo wewe fanya hivi. Kwanza, kila ganda la LTO lina kiswichi kidogo pembeni cha kuzuia kuandika. Kisukume kwenye tepu zote 8, sasa hivi, kabla ya chai. Kisha kwenye konsoli badilisha hali ya tepu hizo ziwe "Read-Only" au "Archive", ili programu isije ikazichukua yenyewe siku umesahau. Chukua na nakala ya katalogi yako kabla hujagusa kingine chochote, kwa sababu unakwenda kuiandika.

Halafu soma tepu yenyewe. Ifanye Bacula iiachie draivu kwa amri ya unmount, kisha tumia bls, programu ndogo inayokuja na Bacula, na alama ya -j na jina la tepu: itakuonyesha kazi zilizomo bila kuuliza katalogi yoyote. Ukiona majina ya seva zako na tarehe za 2021, piga magoti ushukuru. Baada ya hapo bscan, ndugu yake bls, ndiyo inayosoma tepu na kuandika upya kurasa zilizochanwa kwenye katalogi. Kazi ikiwa imeanzia tepu ya pili ikamalizikia ya tatu, zitaje zote kwa mpangilio wake, la sivyo utapata nusu. Na uwe na subira. LTO-5 iliyojaa, ikienda kwa kasi yake ya MB 140 kwa sekunde, inachukua karibu saa 3 kusomwa, na bscan mara nyingi huenda polepole kuliko hapo. Nenda kalale.

Mtego ambao ulinipata hata kwenye zile tatu zilizopona: kabla ya bscan ongeza muda wa kutunza, majina ya faili, kazi, vyote. Rekodi zinarudi na tarehe zake za zamani, kwa hiyo usipobadilisha, usafishaji wa kwanza unaofuata unaziona zimepitwa na wakati na kuzichana tena. Mimi nilisoma tepu usiku kucha, asubuhi nikaonyesha matokeo, jioni sifuri. Nilidhani ofisi ina jini. Tena ujue kubadilisha muda wa tepu kwenye faili la mipangilio hakuzigusi tepu zilizokwisha sajiliwa. Inabidi uzisasishe kwa amri ya update, la sivyo zinaendelea na muda wa zamani kama mpangaji mkaidi.

Ukishafika hapo ndipo utafutaji wako utakuwa na maana, na hata hapo angalia unavyoandika. Unatafuta majina ya faili, si maandishi yaliyo ndani. Mhasibu wako akiwa aliita "scan0034 mpya KABISA.pdf", ukitafuta "ankara" huipati milele. Kompyuta za Windows njia zake zimehifadhiwa kwa mkwaju wa mbele, C:/Users na kuendelea, ukiandika ule wa kinyumenyume unapata sifuri nyingine ya bure. Na katalogi ikikaa kwenye programu ya hifadhidata ya PostgreSQL, herufi kubwa na ndogo huwa si kitu kimoja.

Kufungua hati moja: chagua hiyo faili tu kwenye orodha kwa amri ya mark, irejeshe kwenye folda ya pembeni, ifungue huko. Hakuna dirisha la kuchungulia ndani ya tepu. Usiirejeshe mahali pake pa zamani, utaifunika ya leo, halafu utakuja kufungua uzi mwingine hapa.

Kitu kimoja nimekumbuka: draivu yenu ni ya kizazi gani? Hujasema. Kama ofisi imenunua LTO-8 mpya na tepu zako za 2021 ni LTO-6, hazitasomeka humo, LTO-8 inarudi nyuma kizazi kimoja tu. Ile draivu ya zamani isije ikauzwa kwa mnunua vyuma chakavu. Nenda stoo ukaiangalie leo.

Na kama kuna mshauri amekwambia "Purged" maana yake tupu, muulize swali moja tu: aliisoma tepu, au alisoma katalogi? Akianza kukueleza uzoefu wake wa miaka mingi, mnunulie soda aende.

Ukishasukuma viswichi, toa orodha ya tepu kwa amri ya list media kwenye konsoli, futa majina ya kampuni, bandika hapa pamoja na matokeo ya bls ya tepu ya kwanza. Nitakuwa macho mpaka saa sita usiku. Pilau limeshapoa hata hivyo.