Maswali yenu ya milango ya zamani: shusha msumeno kwanza

Maswali ya milango yamenijaa, nimeona niyajibu kwa mkupuo. Naanza na lile lililoulizwa na wengi.

Nimehamia nyumba ya zamani, milango ya vyumbani ina rangi juu ya rangi na mingine haifungi. Fundi anasema nitoe yote niweke mipya. Ni kweli imekwisha?

Fundi anayetaka kutoa yote kabla hajaushika hata mmoja, mimi simwamini. Chukua bisibisi, chomachoma kona za chini, ukingo wa chini kabisa na pale bawaba zilipokaa. Mbao nzima inakugomea, iliyooza bisibisi inazama kama kwenye sabuni. Gongagonga na vidole pia, ikilia uwazi sehemu ambayo inatakiwa iwe mbao tupu basi mchwa ameshakula ndani. Alafu shika kona ya juu utikise, uone kama maungio yanacheza. Kuoza kidogo kunakatwa na kuwekwa kiraka cha mbao, kucheza kunatiwa gundi na kubanwa, sio mambo ya kutupa mlango.

Na hiyo mipya ya bei chee muulize ndani yake kuna nini, maana mingi ni ngozi mbili nyembamba na katikati makaratasi yaliyokunjwa kama sega la nyuki. Utasikia mtu anavyokohoa chumba cha pili! Mmoja ukikutwa umeliwa kweli, badilisha huo mmoja, mingine iliyobaki imekosa nini?

Mlango wa chumbani unakwama juu upande wa kitasa. Nipige randa?

Ngoja kwanza. Randa ndo kitu cha mwisho. Fungua nusu, shika kitasa, unyanyue kama unataka kuung'oa. Ukiona unapanda na kushuka, shida iko kwenye bawaba, na mara nyingi ni ile ya juu kwa sababu yenyewe ndo inavutwa na uzito wote. Mlango ukilala mbele, kona ya juu inakwenda kugusa fremu, we unadhani mlango umekua kumbe umeinama tu.

Dawa yake ni hii. Egemeza mlango kwenye kabari chini usije ukakuangukia, toa skrubu za bawaba ya juu, tundu utazikuta zimepanuka skrubu inazunguka tu. Chonga vijiti vya mbao ngumu, paka gundi ya mbao, gongelea mpaka tundu lijae, acha hadi kesho. Kata usawa, toboa tundu jembamba jipya, rudisha skrubu. Njiti za meno tatu nne na gundi nazo zinafanya kazi, usimwambie fundi kama nimesema mimi. Na kama mlango unaburuza sakafu upande wa kitasa na bawaba ziko imara, weka kipande cha kadi ngumu nyuma ya bawaba ya chini, kona inanyanyuka yenyewe bila kukata kitu.

Bawaba zikiwa salama na bado unakwama, paka chaki kwenye ukingo wa mlango, funga, fungua, chaki itaandika kwenye fremu panapogusa. Hapo sasa angalia kama ni mbao au ni unene wa rangi tu, maana nyumba ya zamani inaweza kuwa na rangi tabaka saba nane, ukikwangua hizo mlango unapita. Ikibidi randa, punguza kidogo kidogo na ulaze ukingo wa kitasa kidogo kuelekea upande unaofungia. Nafasi ya milimita 2 au 3 inatosha.

Kingine, angalia ni msimu gani. Mbao inatanuka kwa upana ikinywa unyevu, kwa urefu karibu haibadiliki kabisa. Niliwahi kupiga randa mlango wangu kipindi cha mvua, nikajisifia sana, kiangazi kilipofika kidole kinapita pembeni na taa ya koridoni inaniangaza usoni usiku kucha. Ukimaliza kuranda paka rangi ukingo wote pamoja na kichwa cha juu na cha chini, kule kusikoonekana ndiko mbao inakonywea maji.

Nataka kutoa rangi yote nione mbao. Nina mashine ya msasa, nianze?

Hapana, zima mashine. Rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi, na ukizisaga kavu unapata vumbi lenye sumu ambalo linakaa sakafuni, kwenye mapazia, mikononi mwa watoto. Marekani walipiga marufuku rangi ya risasi majumbani mwaka 1978, kwa hiyo nyumba iliyojengwa kabla ya miaka hiyo ichukulie kuwa inayo mpaka uipime, kuna vifaa vidogo vya kupimia au unapeleka kipande maabara. Watoto wadogo na mjamzito wasiwepo kabisa wakati wa kazi.

Njia salama ni ya maji: lowanisha, kwangua, tandika nailoni chini, vaa barakoa ya chujio la vumbi laini sio kile kitambaa, funga takataka ukiwa bado umezilowesha, futa kwa kitambaa kibichi usifagie. Kemikali za kulainisha rangi nazo sawa, ila fungua madirisha na vaa glavu. Moto wa kuwaka usitumie kabisa, na ile mashine ya kupuliza hewa moto iweke chini ya nyuzi 590 za Selsiasi.

Kuna mafundi wanaotumbukiza mlango mzima kwenye pipa la kostiki, ile kemikali kali inayoyeyusha rangi, unatoka mweupe kwa siku moja. Mimi siupendi huo mtindo. Ile kostiki inakula na gundi ya kwenye maungio, mlango unarudi umelegea kama kiti cha kilabuni, na ikibaki ndani ya mbao rangi mpya inabanduka. Alafu nikuulize, una uhakika chini kuna mbao nzuri? Milango mingi ilitengenezwa ipakwe rangi tangu siku ya kwanza, chini ni mbao laini yenye mafundo na viraka. Kwangua sehemu ndogo nyuma ya mlango uone kabla hujajitia kwenye kazi ya wiki tatu. Rangi ikiwa imeshika vizuri, osha, lowanisha msasa upitishe juu juu, paka mpya. Hakuna aibu.

Paneli ya mlango wangu imepasuka katikati, nimejaza gundi na ufa umerudi.

Kwa sababu paneli haitakiwi kubanwa. Mlango wa paneli ni kiunzi cha mbao, ndani yake paneli, ule ubao mwembamba wa katikati, imechomekwa kwenye mfereji mwembamba ikiwa huru, ili itanuke na kusinyaa bila kumsumbua mtu. Ukipaka rangi mara kumi, rangi inaigandisha pembeni zote, kiangazi kikija inataka kusinyaa haina pa kwenda, inapasuka. Pitisha kisu chembamba kuzunguka paneli yote, pande mbili za mlango, ukate hiyo rangi. Paneli nyingine inarudi yenyewe hapo hapo na ufa unakaribia kufunga. Safisha gundi ya zamani, tia mpya kwenye ufa peke yake, isukume ifunge. Usitie pembeni! Ukija kuona mstari usio na rangi ukitokeza kiangazi, ni paneli inahema tu, iache.

Nimepata mlango wa zamani mzuri sana ila mkubwa kuliko fremu. Naweza kukata kiasi gani?

Kidogo kuliko unavyotamani. Ule mlango umeshikwa na ndimi, yaani ncha za mbao za maungio zilizoingia kwenye matundu, ukikata sana unakuta umekata ndimi zenyewe. Pembeni usizidi kama sentimita 1 kila upande, chini unaweza kuongeza kidogo maana ubao wa chini huwa mpana. Mlango mdogo kuliko fremu ni rahisi zaidi, unaunga ubao upande wa bawaba, ukipakwa rangi hakuna anayejua. Fremu ipime upana sehemu tatu na urefu pande zote mbili, nyumba ya zamani haina kona iliyonyooka. Pima na unene pia, mlango mnene hautakaa kwenye fremu ya mlango mwembamba.

Kitasa kinazunguka bure na ufunguo umepotea.

Kuna kiskrubu kidogo kwenye shingo ya kitasa, kaza hicho kwanza. Kisipokuwa hicho, fungua kasha la kitasa juu ya sinia, piga picha kabla hujagusa kitu, maana ile springi inaruka na hutaiona tena. Ufunguo fundi anachonga kutoka kwenye kitasa chenyewe. Mafuta ya kupikia usiweke, yanakamata vumbi.

Milango yangu ni bapa kabisa, haina paneli, lakini ni mizito ajabu. Nayo ni ya zamani?

Hapo umenifurahisha. Miaka ya 1950 na 1960 palikuwa na mtindo wa kufunika milango ya paneli kwa hadibodi, yale mabapa membamba ya unga wa mbao ulioshindiliwa, eti ionekane ya kisasa na isishike vumbi. Angalia ukingoni kama unaona mstari wa ubao mwembamba uliopigiwa juu. Ukiuona, tia patasi nyembamba kona ya chini unyanyue taratibu, huku kwanza ukiwa umepima hiyo rangi kama ina risasi. Wengine wanakuta paneli nzima na viunzi vyake vyote, wengine wanakuta nakshi zimekatwa zikatupwa ili hadibodi ilale vizuri. Na kama mlango uko kwenye ngazi au unatazama jikoni, uliza kabla hujaubandua, huenda ulifunikwa kuzuia moto na hapo sheria za ujenzi zinahusika. Mwingine ubandue, alafu nitumie picha.