Ramani ya Mbagala, upepo wa Mtwara

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Lindi aliniandikia. Ameniruhusu niuweke ujumbe wake hapa, mradi nisitaje jina:

“Shikamoo mama. Huwa nasoma unayoandika kuhusu ujenzi. Nataka kujenga loji ya ghorofa moja. Ramani imerudishwa na masharti manne ya nyongeza: kenchi zifungwe kwa chuma kwenye mkanda wa zege, kuwe na ngazi ya pili, kila chumba kiwe na dirisha ambalo grili yake inafunguka, na mchanga usiwe wa baharini. Wenzangu hapa mtaani wamejenga bila hayo yote. Je, kuna mtu wa kumuona ili wayapunguze?”

Marahaba, mwanangu. Yupo mtu wa kumuona. Mimi nilimuona mwaka 2014, na hadi leo nikikaribia pale alipokuwa akishinda navuka barabara.

Waliokuwa Mtwara miaka ile wanaijua homa niliyokuwa nayo. Bomba la gesi lilikuwa linalazwa kwenda Dar es Salaam, kiwanda cha saruji cha Dangote kinanyanyuka, wageni hawana pa kulala. Kila mwenye kipande cha ardhi Shangani, Ligula au Chikongola alijiona mwenye hoteli. Mimi nilikuwa muuguzi, mshahara wa muuguzi mnaujua, lakini marehemu baba aliniachia mikorosho na kiwanja kimoja Shangani. Nikauza korosho za misimu miwili, nikakopa kwenye kikundi, nikaanza.

Ramani sikuchoresha. Shemeji yangu ana nyumba Mbagala, Dar es Salaam, vyumba vinane, nzuri kwa kweli. Akanitumia ramani yake kwa basi, imeviringishwa ndani ya kipande cha bomba la maji. “Ramani ni ramani, shemeji,” akaniambia kwenye simu. “Tofali halijui mkoa.”

Maneno hayo nimeyalipia.

Kibali nacho nikakitafutia njia ya mkato. Kulikuwa na jamaa anashinda kwenye kibanda cha fotokopi, suruali imenyooka kwa pasi, faili kwapani. (Vishoka wote wana faili kwapani, sijui wananunua duka gani.) “Mama, wewe rudi kazini kwako, mimi mle ndani nawajua wote.” Nikampa shilingi 800,000. Siku ya tisa akaniletea karatasi yenye muhuri wa bluu na namba. Nikaitia plastiki, nikaitundika sebuleni kama cheti cha ndoa.

Tukajenga mpaka usawa wa linta. Asubuhi moja wakaja wakaguzi, wakaomba kibali. Kijana mmoja kati yao akaisoma namba, akafungua daftari lake, akanitazama kwa huruma. Afadhali angenifokea. Namba ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa ya kibali cha uzio, wa mtu mwingine, mtaa mwingine kabisa. Wakapiga X nyekundu ukutani na neno SIMAMISHA. Baadaye tuliipaka chokaa mara tatu, na kila mvua ikinyesha ilikuwa inajitokeza tena, majirani wanaisoma.

Miezi saba iliyofuata nairuka. Faini, foleni, mchoraji wa kweli, mhandisi wa kweli.

Sasa sikiliza kosa la pili, maana ndilo linalokuhusu wewe. Kibali halali kilipotoka, nacho kilikuja na masharti, na sharti mojawapo ni hilohilo lako: kila mguu wa kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, ufungwe kwa kipande cha chuma kilichozikwa kwenye mkanda wa juu. Fundi wangu alicheka mpaka akakaa chini. “Mama, hapa tunapiga misumari ya inchi sita. Hivyo vyuma ni vya kuwapa ulaji wauza vyuma.” Nami nilikuwa nimechoka, pesa zimekata, nikaona mkaguzi hatapanda darini. Hakupanda kweli.

Aprili 2019 kikaja kimbunga Kenneth. Tulioishi huku tunaikumbuka tarehe 25. Maduka yamefungwa, redio inatuambia tuondoke karibu na bahari, watu wanabeba magodoro vichwani kwenda kwenye miinuko. Nilikaa kwa dada yangu nikiomba dua usiku kucha. Kimbunga kikapinda kikapiga Msumbiji, Cabo Delgado, wenzetu wale wakapata walichopata. Nikarudi Shangani nikakuta hata bati moja halijalegea. Fundi akanipigia: “Umeona, mama?” Nikamwambia nimeona.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tatu unaishia, tangambili, ukavuma upepo usio na jina wala tangazo. Haukufika hata nusu saa. Paa likainuka zima, kenchi na mbao zake za chini, likatua juu ya mwembe wa jirani. Hakufa mtu. Nilipopanda ukutani kesho yake, kilichonitisha ni misumari. Hakuna hata mmoja uliopinda. Ilikuwa imechomoka imenyooka vilevile, kama jino la mtoto.

Mhandisi akanifafanulia kwa kalamu kwenye boksi la bati. Sisi tunadhani upepo unalisukuma paa. Upepo mkali ukipita juu ya bati unalivuta kwenda juu, na ukiingia chini ya upenu au dirisha lililovunjika, unalisukuma kutoka ndani pia. Pembeni na kwenye kona ndiko unakovuta zaidi, ndiyo maana misumari ya bati huko inatakiwa ikaribiane. Msumari uliopigwa wima kwenye mbao hauna cha kushikilia ukivutwa wima. Chuma kilichozikwa kwenye zege kikazunguka mbao ya kenchi, hicho lazima upepo ung’oe na ukuta pia.

Paa jipya lilinigharimu milioni 11 na laki sita. Vyuma vya kufungia, nilipokuja kuvinunua kwa jengo la pili, vilikuwa laki tatu na nusu, ufundi humohumo.

Shemeji alinipigia kutoka Dar. Sikutarajia rambirambi, lakini sikutarajia na hili: “Ramani ilikuwa nzima, shemeji. Wewe ndiye umejenga vibaya.” Tumeshakutana kwenye misiba miwili na harusi moja tangu hapo. Hajawahi kuniomba radhi, nami bado ramani yake ninayo.

Ndipo nilipoelewa haya masharti ya nyongeza ni kitu gani. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 ni ya nchi nzima, Dodoma kusiko na bahari na Lindi iliyoketi mdomoni mwa bahari zote zinasoma sheria moja. Lakini halmashauri, tangu ile sheria ya mamlaka za miji ya 1982, zina uwezo wa kutunga sheria ndogo, na mhandisi anayepitia michoro yako ana haki ya kukuandikia sharti linalotokana na mahali ulipo. Wazee wa Lindi walisimulia kimbunga cha 1952 hadi wajukuu wakachoka kusikiliza. Mji ulioona jambo kama hilo ukikuandikia ufunge paa, umekuonea wapi?

Na si sisi tu. Marekani wana kanuni za majengo za mfano ambazo hutolewa upya kila miaka mitatu, na kila mji au jimbo linapozipokea huongeza ya kwake: kwenye theluji wanaongeza uzito wa theluji, kwenye matetemeko wanaongeza ya matetemeko. Florida walipigwa na kimbunga Andrew mwaka 1992, mapaa yakaruka kama langu, ila kwa maelfu. Walikaa wakaandika upya, na mwaka 2002 jimbo zima likaanza kutumia kanuni moja kali zaidi ya upepo. Matajiri wale, na bado ilibidi paa liruke kwanza.

Hata babu zetu walikuwa na kanuni. Nenda Mikindani ukazitazame zile nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, vyumba vyembamba. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haiendi zaidi ya mita tatu hivi bila kulegea. Hakuna aliyekuwa anaandika barua ya kuomba apunguziwe. Boriti ndiyo ilikuwa afisa mipango miji.

Kwa hiyo la kwanza, mwanangu: peleka ramani kabla jembe halijagusa kiwanja. Mchoraji aliyesajiliwa, mhandisi aliyesajiliwa, ramani ya kiwanja chako, si ya Mbagala.

La mchanga nalo nalijua kwa mwili wangu. Fundi wangu alitaka tukachote pwani, bure, gari moja tu. Kwenye nguzo za baraza nilimkubalia. Chumvi ikiingia kwenye zege inaifuata nondo, nondo ikishika kutu inavimba, ikivimba inapasua zege kutoka ndani. Nguzo zangu zilianza kutoa nyufa za wima mwaka wa tano, ukigonga zinalia kama kopo. Tofali halijui mkoa, lakini nondo inaijua bahari. Kwenye jengo la pili mhandisi alidai nondo ifunikwe kwa zege la sentimita tano kila upande, biskuti, vile vipande vidogo vya zege vya kuinulia nondo, zipangwe vizuri ili isilalie ubao, na kila tulipomwaga zege tukajaza viboksi vya sentimita 15 tukavipeleka vikapondwe kupima nguvu ya zege, siku ya 7 na siku ya 28. Fundi mpya alinung’unika. Nikamwambia huyu bosi amewahi kuona paa juu ya mwembe, usimfundishe.

Grili. Hapa naomba tuongee taratibu. Sote tunaogopa wezi, kwa hiyo tunachomelea madirisha yote mpaka nyumba inakuwa sero. Jengo langu la kwanza lilikuwa hivyo. Usiku mmoja mgeni aliacha dawa ya mbu ya kuwasha chini ya kitanda, godoro likashika moto. Godoro la sponji linawaka haraka, na linatoa moshi mweusi unaokaba. Alikuwa amefunga mlango, funguo imedondoka gizani haipatikani. Nilisimama nje ya dirisha nikamwona uso wake kati ya nondo, mimi muuguzi mwenye miaka kumi na tisa kazini, na sina la kufanya. Walinzi wawili waliuvunja mlango kwa tofali. Akapona, akakohoa siku tatu, akaondoka bila kudai pesa yake. Namba ya Zimamoto ni 114, iandike kila chumba, lakini moshi haungoji gari lifike. Grili moja yenye bawaba na komeo la ndani haimfungulii mwizi, na wewe unaliona ni sharti la kukusumbua?

Ngazi ya pili hivyohivyo. Moto ukianzia chini ya ngazi pekee, wa juu wanakwenda wapi? Nakuuliza kwa sababu mimi nilijibu “wataruka”, mbele ya watu, kwenye kikao. Bado wananitania.

Na kama unaota loji yenye meza mchangani, kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004: shughuli ya kudumu isiwe ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Pima kabla hujanunua. Halafu peleka ramani. Nimeshasema, narudia: kabla hujachimba msingi.

Mwezi uliopita jengo langu la pili limepewa ruhusa ya kutumika. Vyumba 12, ghorofa moja, limepita ukaguzi wa mwisho mara ya kwanza, bila kurudishwa kwa lolote. Safari hii mkaguzi alipanda darini. Alikaa huko muda nikaanza kutokwa jasho, kumbe anapiga picha vile vyuma nilivyofungia kenchi ili akawaonyeshe wengine. Nililia, nasema kweli. Mtu aliyewahi kuandikiwa SIMAMISHA ukutani ataelewa.

Wengi wenu mnaonisoma mnataka nilichonacho sasa: jengo, wageni, jina. Hamtaki ile miaka. Basi acheni kuyaona masharti kama ushuru wa njiani. Mwaka 2013 ghorofa liliporomoka katikati ya Dar es Salaam likaua watu 36. Novemba 2024 likaporomoka jingine Kariakoo. Kila mara tunalia, tunauliza wakaguzi walikuwa wapi, kisha Jumatatu tunamtafuta mtu wa kumuona. Rasimu za sheria ndogo hubandikwa kwenye ubao wa matangazo ili wananchi watoe maoni kabla hazijapitishwa. Nani kati yetu husimama kuzisoma? Mimi nilikuwa nazipita nikidhani ni matangazo ya chanjo, na chanjo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Zikipitishwa ndiyo tunapiga kelele kwamba hatukushirikishwa. Siku hizi nasimama, navaa miwani, nasoma hadi mwisho, hata kama ni za mbuzi wanaozurura.

Nilimjibu kijana wa Lindi karibu yote haya kwa sauti, dakika kumi na moja, mwanangu wa mwisho akisema, “Mama, mwache mtu wa watu apumue.” Nikamtumia na picha ya msumari mmoja wa lile paa, niliuweka kwenye droo.

Jana usiku amejibu. Hakusema chochote kuhusu ngazi wala mchanga. Ameuliza kile chuma cha kufungia kenchi ninakinunua wapi, na kama anaweza kukipata Lindi au amwambie dereva wa basi amchukulie hapa. Nimemwambia dereva aje kwangu, nitampeleka dukani mwenyewe.