Mtu uchi ndani ya tumbo la Ubu

Kosa langu lilikuwa kuanza na kibandiko cha maelezo ukutani. Nilikuwa Johannesburg, mbele ya picha nane za chapa za William Kentridge, msanii wa Afrika Kusini, ziitwazo Ubu Tells the Truth, za 1996 na 1997. Kibandiko kilieleza kwamba zimetokana na Ubu Roi, tamthilia ya Mfaransa Alfred Jarry iliyoonyeshwa Paris mwaka 1896. Basi nikageuka msahihishaji wa mtihani. Kichwa kilichochongoka cha Ubu, mhusika mkuu, kipo, tumbo lenye mzunguko kama wa konokono lipo. Nikaweka vema zangu, nikaondoka bila kuona kitu.

Aliyenirudisha ni rafiki yangu, fundi wa kuchapa fulana. Tamthilia hakuijua. Aliuliza tu: "Huyu kachorwa kwa kitu gani, na yule kwa kitu gani?"

Yule yupi? Nikasogea. Kumbe wako wawili. Ubu ni mstari mweupe mtupu, kama chaki ubaoni, kibonzo cha kuchekesha. Humo ndani yumo mwanamume uchi, mwenye nyama na uzito wa mtu wa kweli. Kentridge alichanganya mbinu kadhaa za bamba la chuma: kuliwa na tindikali, akwatinti inayozaa vivuli, sindano inayokwaruza moja kwa moja. Ndiyo maana nasema: kabla hujauliza picha ina maana gani, uliza kila mbinu imepewa kazi gani. Mlinzi akikohoa kwa jinsi ulivyosogeza pua, rudi hatua moja, kisha endelea.

Halafu tafuta mahali picha inapokiacha kitabu. Ubu wa Jarry anamuua mfalme wa Poland, anapora, wala hajali kuulizwa. Mwaka 1996 Afrika Kusini, Tume ya Ukweli na Maridhiano chini ya Askofu Mkuu Desmond Tutu ilianza vikao vyake. Mtesaji wa enzi ya ubaguzi wa rangi aliweza kuomba msamaha wa kisheria iwapo angesema yote aliyotenda. Hilo halimo kwa Jarry. Kentridge ndiye aliyemwita Ubu aje kusema ukweli.

Tamthilia yenyewe niliisoma baadaye. Ilinisaidia, ila si kama lile swali la fundi.

Mpaka leo sijaamua kama mwanamume yule amejificha ndani ya Ubu, au Ubu ndiye anayemtoka mwilini. Rafiki yangu hana shida hiyo. Anasema karatasi ni ileile moja.