Kabla hamjaishusha gia boksi

Wadogo zangu mnaoanza kushika spana huku Njombe, Juni na Julai mtaletewa sana Toyota za zamani za otomatiki zenye malalamiko yale yale: asubuhi gari linanguruma tu, gia haibadiliki. Mwenyewe anakuwa ameshaambiwa gia boksi imekufa.

Niliwahi kuletewa Corolla iliyotoka Dar es Salaam. Kila asubuhi iligoma kuingia gia ya nne, na mwenye gari, mwalimu mstaafu, alishaanza kutafuta fedha za gia boksi ya mtumba. Nikawasha injini ikiwa ya baridi, nikashika mpira wa juu wa rejeta. Punde tu ukaanza kupata uvuguvugu, na mshale wa joto bado umelala chini. Mpira ule hutakiwa kubaki wa baridi mpaka injini ipate moto na themostati, ile vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta injini ikiwa ya baridi, ifunguke. Nilipofungua pale inapokaa themostati, patupu! Kuna fundi aliing'oa akidhani anaiepusha injini na joto la Pwani. Kwa baridi yetu, injini ikawa haipati moto, na kompyuta ya gari lile hairuhusu gia ya nne injini ikiwa ya baridi. Gia boksi ilikuwa nzima kabisa. Tulifunga themostati mpya, gari likachanganya gia zote. Tabia hii ya kung'oa themostati inaniuma, maana inawatia watu hasara bure.

Themostati ikiwa nzima, pimeni oili ya gia boksi. Endesheni kwanza mpaka ipate moto, egesheni pahali tambarare, injini ikiwa silensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, mpitishe leva taratibu kwenye gia zote, mrudishe P, ndipo mchomoe dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Someni alama za HOT. Zile za COLD zitawadanganya. Oili ikipungua, asubuhi gari huchelewa kushika D au R. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, mwambieni mteja ukweli mapema. Na taa ya O/D OFF (ya overdrive, ile gia ya juu) kwenye dashibodi ikiwaka na kuzima yenyewe, someni kwanza namba ya hitilafu kwenye kompyuta ya gari, huenda ni solenoidi (vali ya umeme ya gia boksi) au sensa.

Oili ipo sawa, lakini gari linachelewa kushika gia likiwa la baridi tu? Mara nyingi sili za ndani, zile raba zinazozuia oili isivuje, zimekakamaa kwa umri. Mwenye gari asubiri silensa ishuke kabla ya kuingiza D, huku akijiandaa kwa ukarabati, kwa sababu sili hizo hazilainiki tena.